Kabla Hujamsaka Chuma Ulete, Fungua Daftari

 

Wiki hii nimekaa na barua ya mdogo wetu mmoja mwenye duka la rejareja, lile tunaloliita duka la Mangi hata kama mwenyewe si Mchaga. Ameniandikia hivi: "Dada, wateja ninao. Saa 11 alfajiri nimeshafungua kwa ajili ya mikate, na hadi saa 4 usiku niko dirishani. Pesa naishika kila siku. Lakini rafu zinazidi kuwa wazi, na juzi nimeshindwa kununua mfuko wa sukari. Mume wangu ananiuliza pesa zinakwenda wapi, nami sina jibu. Jirani ananiambia ni chuma ulete, kwamba kuna anayezivuta kwa uchawi. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili nikajiona mwenyewe. Nami niliwahi kuwa na duka, fremu ya mlango mmoja pale Tandika. Mtaji niliutoa kwenye kikoba tulipogawana mwisho wa mwaka. Miezi ya mwanzo bidhaa zilipanda hadi darini. Mwezi wa 14 nilibaki na vipande vya sabuni, viberiti na chumvi, nikamrudishia mwenye fremu funguo zake. Nami nilisema ni chuma ulete. Nilielekezwa kinga, nikaweka, na droo ikaendelea kukauka.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiniuzia bidhaa za jumla. Hakunisema, hakunicheka. Aliniuliza maswali matatu tu. Jana uliuza shilingi ngapi? Unamdai nani, na nani anakudai wewe? Tangu Jumatatu umetoa nini dukani ukapeleka nyumbani? Sikuwa na jibu hata la swali moja. Akanitazama kwa huruma, akasema: "Mwanangu, mwizi wako unamjua. Hujamwandika tu."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaitamka haraka, hatulisikii neno la mwisho. Moto hutoa moshi, mwizi huacha kufuli limekatwa. Lakini kilo moja leo, mia tano kesho, deni la jirani keshokutwa, havina kishindo. Mtaji unaondoka huku unauza, huku unacheka na wateja, na siku utakayoshtuka umeshakata. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu daftari, taratibu, mpaka tuelewane.

DUKA NI MTU MWINGINE

Hili ndilo somo la kwanza, na ukilishika mengine yote yatakuwa mepesi. Duka si wewe. Lichukulie kuwa mtu mwingine kabisa, kama ndugu yako aliye mbali aliyekuamini akakukabidhi mali yake umtunzie. Ukichukua kilo ya unga kwa ajili ya chakula cha usiku, umemkopa. Mtoto akipitia dirishani kuomba mia tano ya maandazi akienda shule, umemkopa. Ukituma rambirambi ya 10,000 kutoka kwenye simu ya duka, umemkopa. Ndugu huyu hana mdomo wa kukudai. Mdomo wake ni daftari.

Sisemi usichukue. Biashara tunaifanya ili tule na watoto wasome. Ninachosema ni kwamba kila kinachotoka kiandikwe, hata kama anayekitoa ni wewe mwenye duka, hata kama ni kiberiti. Halafu jipangie posho. Amua kwamba kila Jumamosi duka linakulipa kiasi fulani, na matumizi ya nyumbani yatoke kwenye posho hiyo, siyo kwenye droo. Ukipungukiwa katikati ya wiki na ikabidi uchukue, andika, na Jumamosi ujikate. Mwezi wa kwanza utaona kama unajibana bure. Wa pili utaanza kuona tofauti kwenye rafu.

MFUKO MMOJA WA SUKARI

Ngoja nikuonyeshe kwa mfuko ule ule uliokushinda kuununua. Tuseme umenunua sukari ya kilo 50 kwa 130,000, na bodaboda akakuletea kwa 3,000. Wengi wetu tunaandika 130,000 kichwani na ya bodaboda tunaisahau. Usiisahau. Mfuko umekugharimu 133,000, yaani kila kilo imekufikia kwa 2,660. Unaiuza 3,000. Kwa hesabu ya haraka kila kilo inakuachia 340, na mfuko mzima 17,000.

Sasa fuatana nami hadi mfuko uishe. Unapima robo na nusu, na mkono huzidi kidogo kila mara. Ukifika mwisho umepata kilo 49. Kilo moja imekwenda kwa uzito wa kuzidisha. Katika siku hizo umepeleka nyumbani kilo 2, hukuandika. Jirani amekopa kilo 2, naye hukumwandika kwa sababu ni mtu wa kuaminika. Zilizouzwa kwa pesa mkononi ni kilo 45. Kilo 45 kwa 3,000 ni 135,000. Mfuko ulikugharimu 133,000. Umesimama dirishani siku zote hizo, na kilichobaki ni 2,000. Bado hatujagusa mifuko ya kufungashia, umeme wala kodi ya fremu. Bei ya jumla ikipanda kwa 3,000 tu, mfuko wa pili huwezi kuununua kwa pesa za mfuko wa kwanza.

Hapo hakuna aliyekuroga. Kuna kilo 5, na kila moja ina historia yake. Ukiziandika, utajua lipi la kufanya: utarekebisha mizani, utakata kilo za nyumbani kwenye posho, utamkumbusha jirani. Usipoziandika, utabaki na hofu, na hofu haijazi rafu.

MADAFTARI MATATU

Nenda kanunue kaunta buku. Ukiweza nunua tatu. Ukishindwa, nunua moja nene uigawe sehemu tatu.

La kwanza ni daftari la kila siku. Chora mistari upate safu tano: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka, baki. Najua huwezi kuandika kila kiberiti unachouza watoto wanapojazana dirishani. Basi andika kila kinachotoka, kisha jioni tafuta mauzo kwa hesabu hii.

Asubuhi umefungua na chenji ya 20,000. Jioni unahesabu droo, ina 96,500. Kwa lipa namba zimeingia 31,000. Mchana ulitoa kwenye droo 18,000 za mikate, 5,000 za umeme na 7,000 za mboga ya nyumbani, jumla 30,000. Jumlisha za droo na za simu, unapata 127,500. Rudishia zile 30,000 zilizotoka, zinakuwa 157,500. Toa chenji ya asubuhi, zinabaki 137,500. Kama ndani yake kuna 4,000 ambazo mteja amelipa deni la wiki iliyopita, hizo si mauzo ya leo. Zitoe hapa, ukazifute kule kwenye deni lake. Umeuza taslimu 133,500. Hesabu hii haizidi dakika kumi, na ifanye kabla hujafunga mlango, siyo ukishafika nyumbani umechoka. Siku ya kwanza ukisema "nitaandika kesho", utakuwa umesharudi ulikotoka.

Pesa za simu ziwe na laini yake. Laini ya duka isiwe hiyo hiyo unayopokelea michango ya harusi na salamu za wifi. Na makato ya kutoa pesa ni matumizi ya duka, yaandike. Ni madogo ukiyatazama moja moja, ila mwisho wa mwezi yanalipa bili ya umeme.

La pili ni daftari la madeni. Mtaani kwetu huwezi kuuza bila kukopesha, hilo nalijua. Lakini mkopo usioandikwa ni zawadi. Kila mteja mpe ukurasa wake: jina, namba ya simu, tarehe, alichochukua, bei yake, siku aliyoahidi kulipa. Mwandike mbele yake, aone. Muungwana hatachukia, na atakayechukia amekupa habari muhimu. Mwekee kila mmoja ukomo, na asiyelipa la kwanza asipewe la pili. Tunajua kukopa harusi, kulipa matanga. Kalamu ndiyo inayopunguza ugomvi wa matanga hayo. Upande wa pili wa daftari hilo hilo andika wanaokudai wewe: muuza soda, mwenye mkate, aliyekupa mchele kwa mali kauli. Mali kauli ikikaa kwenye rafu yako inavutia macho, unaweza kudhani umetajirika. Ni ya mwenyewe mpaka umlipe.

La tatu ni daftari la mali. Mara moja kwa mwezi, Jumapili jioni kwa mfano, funga mlango uhesabu kila kilichomo, rafu kwa rafu, hadi stoo ya nyuma. Andika kwa bei uliyonunulia, siyo utakayouzia, maana faida usiyoipata bado si yako. Kilichoharibika au kupitwa na muda kitoe kwenye hesabu. Inauma, lakini ni afadhali uumie kwa ukweli kuliko kufarijika kwa maboksi matupu.

Pamoja na madaftari hayo, tafuta bahasha kubwa ya kila mwezi. Kila risiti unayopewa unaponunua bidhaa itie humo. Ukinunua sehemu isiyo na risiti, andika mwenyewe kwenye karatasi: tarehe, ulichonunua, bei, nawe tia sahihi.

MWISHO WA MWEZI DUKA LINASEMA

Sasa ukae na kikombe chako cha chai, duka lizungumze. Tuseme mwezi ulianza na mali ya 1,800,000. Ukanunua bidhaa za 2,900,000. Jumla 4,700,000. Ulipohesabu Jumapili ya mwisho, ilibaki mali ya 1,650,000. Basi bidhaa zilizotoka dukani zilikugharimu 3,050,000. Mauzo yako ya mwezi, taslimu na mkopo, pamoja na bei ya vile ulivyotoa rafuni kupeleka nyumbani, ni 3,620,000. Toa gharama ya bidhaa, unabaki na 570,000. Hiyo ni faida ghafi, na wengi hapa ndipo wanaposhangilia na kuanza kuitumia.

Ngoja kwanza. Kodi ya fremu 100,000. Kijana anayekusaidia 120,000. Usafiri wa bidhaa 60,000. Umeme 35,000. Makato ya simu 15,000. Mlinzi wa mtaa 10,000. Jumla 340,000. Toa kwenye 570,000, faida halisi ni 230,000.

Kisha fungua ulikoandika vya nyumbani. Mboga, ada, unga, mchango wa kitchen party ya mtoto wa shangazi. Jumla 310,000. Unaona hapo? Duka lilikuzalia 230,000, wewe ukachukua 310,000. Hizo 80,000 za ziada hazikutoka kwenye faida, umezimega kwenye mtaji. Ukiendelea hivyo mwaka mzima umekula 960,000, zaidi ya nusu ya mali uliyoanza nayo. Mimi ndivyo nilivyolifunga langu. Kila siku nilikuwa nauza, na kila siku nilikuwa nakula kidogo kisichoonekana, lakini kingi kuliko duka lilivyoweza kubeba.

Uamuzi sasa ni wako na mumeo, tena mkae wote wawili na daftari katikati. Mnaweza kushusha posho hadi 200,000 ili 30,000 zikuze mtaji. Mnaweza kuacha bidhaa zisizotoka na kuongeza zinazotoka haraka. Chochote mtakachoamua, mtakuwa mnajadili namba, siyo kulaumiana. Nimeona ndoa nyingi zinatikisika kwa swali la "pesa zinakwenda wapi". Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri unaweza kulijibu bila kelele.

MKOPO SI MAUZO

Wadogo zangu, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Pesa ya mkopo ikiingia, usiiandike kwenye mauzo. Ni deni, iweke upande wa madeni. Wengi tunapoona droo imejaa baada ya kukopa tunadhani biashara imechangamka.

Na kabla hujakubali ile mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu, piga hesabu kwenye ukurasa mtupu. Tuseme unapewa 300,000, urejeshe 13,000 kila siku kwa siku 30. Utarejesha 390,000. Duka lenye faida halisi ya 230,000 kwa mwezi linazalisha kama 7,700 kwa siku. Marejesho ni 13,000. Hizo 5,300 zinazopungua kila siku zitatoka wapi? Zitatoka kwenye sukari, kwenye mchele, kwenye mtaji. Utamlipa mkopeshaji kwa rafu zako mwenyewe. Hesabu hii inatosha kukufanya useme hapana, lakini huwezi kuipiga kama hujui duka linazalisha kiasi gani kwa siku.

Mkipungukiwa mtaji, ulizieni kwanza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu. Kuna mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi. Kikundi kinachokwenda na vitabu vyake vya hesabu kina la kuonyesha kinapoulizwa biashara ikoje. Kisicho navyo kitabaki kuapa.

DAFTARI NA KODI

Wapo wanaokwepa kuandika wakidhani daftari litawaponza kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Naomba niwaondoe hofu hiyo, kwa sababu kwa mfanyabiashara mdogo mambo ni kinyume chake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilipanga hivi kwa mtu mmoja mmoja: mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 hayatozwi kodi ya mapato. Yakiwa kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye nazo hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Kwa viwango hivyo, mchukue mdogo wangu mwenye genge la mbogamboga, anauza 500,000 kwa mwezi, milioni 6 kwa mwaka. Akiwa na daftari, kodi yake ni asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000. Bila daftari ni 100,000. Mwenye mauzo ya milioni 10 akiwa na daftari analipa 180,000, asipokuwa nalo 250,000. Kaunta buku moja imeokoa 70,000.

Mwenye duka la mfano wetu amevuka milioni 11 kwa mbali. Yeye anatakiwa awe na mashine ya EFD na atoe risiti kwa kila mauzo. Viwango hivi huweza kubadilishwa kwenye bajeti ya Juni, hivyo nenda ofisi ya TRA ya wilaya yako uulize kabla ya kukadiriwa. Namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa bure, usimpe mtu pesa akakuchukulie. Na madaftari yako na risiti usiviuze kwa wafunga karanga. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.

NENO LA MWISHO KWAKO

Mdogo wangu uliyeniandikia, sitakuambia kuhusu chuma ulete kama yupo au hayupo. Nakuomba kitu kimoja tu. Lipe daftari siku 30. Andika kila kinachoingia na kila kinachotoka, chako na cha wateja, bila kuona haya na bila kuficha kitu. Baada ya siku 30, fungua umtafute huyo anayekumaliza. Nina hakika utamkuta kwenye kurasa zako, ana tarehe na kiasi, na utaona si mmoja, tena wengi wao unawapenda: ni watoto, ni majirani, ni ndugu, ni wewe mwenyewe.

Wala usione haya kuanza kwa mwandiko mbaya au hesabu zenye makosa. Kosa lililoandikwa hurekebishika. Mimi duka la pili nililianza na mtaji mdogo kuliko wa Tandika, nikawa na daftari tangu siku ya kwanza, na lipo hadi leo.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla hujashusha mlango, hesabu droo. Andika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, andika kiasi ulichokikuta, kisha kesho niandikie uniambie umeanza. Nitaisubiri barua yako.

Ni mimi dada yenu, ninayewapenda.